Pakiti ya bakteria au pakiti ya ORS?

SWALI: Shikamoo nesi. Mwanangu wa mwaka mmoja na miezi miwili aliharisha mara saba jana, choo cha majimaji. Duka la dawa wakaniambia ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, "ni chumvi tu", wakaniuzia pakiti sita za probiotiki, yaani bakteria wa kusaidia tumbo, kwa shilingi 24,000. Hela ya zinki ikawa haipo. Nimalize hizo pakiti? Na mtindi je, nimpe?
Mama Nasra, Tabata

JIBU: Marahaba, mama Nasra. Kuhara hakusubiri gazeti, ndiyo maana nilikupigia siku ileile. Hapa nawaandikia wenzako.

Hiyo "chumvi tu" imenikera. Kinachomuua mtoto anayeharisha ni maji na chumvi zinazomtoka. Glukosi iliyomo kwenye ORS ndiyo inayoivuta chumvi ipenye utumbo, na maji yanaifuata. Probiotiki haifanyi kazi hiyo hata kidogo.

Pakiti ya lita moja ichanganywe na lita moja kamili ya maji safi. Nimeshaona mama kaimimina yote kwenye kikombe kimoja. Chumvi ikizidi hivyo ni hatari. Kila akiharisha, mtoto wa umri wake apate mililita 50 hadi 100, kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika kumi, uanze tena polepole. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Kidonge kinayeyuka kwenye kijiko cha maji. Atakunja uso, mpe tu.

Hizo pakiti zako ni bakteria hai, nyingine ni hamira. Zamani hata sisi tuliambiwa zinapunguza kuhara kwa siku nzima. Mwaka 2018 yakatoka majaribio mawili makubwa, la Marekani na la Kanada: waliopewa bakteria na waliopewa unga mtupu walipona sawasawa. Kwa mtoto mwenye afya kama wako, malizia ukitaka, ila usinunue nyingine. Njiti, au mtoto mwenye kinga dhaifu, asipewe bila daktari. Prebiotiki, yaani chakula cha hao bakteria, kwa kuhara kwa ghafla ushahidi wake ni mwembamba zaidi.

Mtindi mpe, usio na sukari, wa maziwa yaliyochemshwa kabla ya kugandishwa. Wa chupa za barabarani, hapana. Ziwa na uji viendelee. Flagyl, ile dawa ya kuua vijidudu, usimpe kwa kubahatisha.

Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, analegea, hawezi kunywa, au ukifinya ngozi ya tumbo inarudi taratibu, beba mtoto uende kituoni saa hiyohiyo.

Uliponiambia kwenye simu kwamba amelowesha nepi mbili kwa mkojo tangu asubuhi, ndipo nilipopumua.