Ekseli ya nyuma ya Land Cruiser ya zamani: pima kabla hujakata

Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa kati ya 1960 na 1984, bado zinapanda vilima vya Bukavu na kubeba magunia hadi zinaketi juu ya springi. Mahali penye hatari kubwa kwenye gari hilo ni ekseli ya nyuma, ambayo garaji zetu huiita pont. BJ40 na FJ40 nyingi za miaka ya 1970 zina ekseli ambayo hafshafti yake (shafti inayotoka katikati ya ekseli hadi gurudumu) inafanya kazi mbili: inazungusha gurudumu na papo hapo inabeba uzito wa gari. Ndani ya difu (sanduku la gia la katikati ya ekseli) inashikiliwa na kibanio kidogo chenye umbo la herufi C. Hafshafti ikikatika nje karibu na beringi, au kibanio kikitoka, gurudumu linachomoka pamoja na dramu ya breki. Mtu anayeshuka mteremko wa Ngomo kuelekea Kamanyola akiwa na mzigo hapaswi kukutwa na jambo hilo.

Ekseli inayofaa kuwekwa badala yake ni ile ambayo beringi mbili zimekaa juu ya bomba la ekseli na kubeba uzito wote, huku hafshafti ikibaki na kazi ya kuzungusha tu. Kuitambua ni rahisi: katikati ya rimu kuna habu iliyochomoza yenye nati sita kuizunguka. Ile dhaifu haina kitu hapo, ni bapa. Hafshafti ya habu hii ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Unaingiza 4x4, mbele inavuta, unafika garaji. Pickup za Land Cruiser aina ya 75 zilizochakaa mara nyingi ndizo chanzo cha ekseli hizi.

Kabla ya kutoa pesa, jua uwiano wa meno. Ekseli za familia hii nyingi ni 4.11 (meno 37 kwa 9) au 3.70 (37 kwa 10), na kwa macho zinafanana kabisa. Usitegemee maneno ya muuzaji. Zuia gurudumu moja lisizunguke, piga alama ya chaki kwenye flanji ya pinioni (sahani ya difu inapofungwa kadani, shafti inayotoka gearbox), kisha zungusha gurudumu la pili mara 20. Flanji ikizunguka mara 41 na kidogo, hiyo ni 4.11, ikiwa 37, ni 3.70. Fanya hivyohivyo kwa ekseli ya mbele ya gari lako. Lazima zilingane. Zikitofautiana, mbele na nyuma zinavutana kila unapoingiza 4x4. Kwenye tope hutagundua, kwa sababu matairi yanateleza. Kwenye mawe au lami, misalaba ya kadani (viungo vya ncha zake) inapasuka na gia za gearbox ndogo (inayogawa nguvu mbele na nyuma) zinalika, na watu wataanza kulaumu gearbox isiyo na kosa.

Kwa Bukavu, na hasa kwa injini ya dizeli B ya lita 3.0, bakini na 4.11. Ile 3.70 inafaa barabara ndefu ya lami, kama Lubumbashi hadi Likasi, lakini huku kwetu itakulazimisha kupanda na gia ya kwanza pale ambapo ya pili ingetosha. Tena anayebadilisha zote mbili kwenda 3.70 akumbuke kwamba kipimo cha mwendo kinaendeshwa na gearbox ndogo: kitamwonyesha kilomita 54 wakati anakimbia 60.

Kagua piesi yenyewe. Fungua boliti ya kutolea mafuta: unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, vipande vinavyokwaruza kidole si kawaida. Nyoosha uzi kutoka ncha hadi ncha ya bomba, juu na ubavuni, uone kama limepinda. Magari yaliyobebeshwa kupita kiasi hupinda hapo. Ukilazimika kufungua difu, krauni (gia kubwa) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ni jozi, haziuzwi kila moja peke yake, na uchezi kati ya meno uwe milimita 0.15 hadi 0.20.

Sasa vipimo vya kuifunga. Pima upana kutoka flanji ya gurudumu moja hadi ya lingine, umbali kati ya springi mbili, upana wa lamu za springi, na mahali difu ilipo, katikati au pembeni. Vikao vya springi karibu kila mara vitakatwa na kuchomelewa upya. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, tena si kwa sababu ya fundi mbaya bali kwa sababu ya haraka. Funga ekseli kwa yu-bolti bila kuchomelea, shusha gari likae na uzito wake wote juu ya springi, halafu geuza ekseli mpaka uso wa flanji ya pinioni uwe sambamba na uso wa flanji ya gearbox ndogo. Ukikosea pembe hiyo, kadani itatetemeka na utapoteza misalaba miwili kwa miezi michache. Piga punta (weldi ndogo za kushikilia tu), pima tena, ndipo uchomelee: sentimita 3 upande huu, 3 upande wa pili, ukiacha ipoe yenyewe bila maji. Beringi na sili (mipira ya kuzuia mafuta) ziwe zimetolewa, na waya wa ardhi wa mashine ushikwe kwenye bomba la ekseli lenyewe. Umeme ukiwa dhaifu jioni, ahirisha au tumia jenereta, kwani weldi itashika juu tu bila kuingia ndani.

Kadani itahitaji kwenda kwa tornari (fundi wa kukereza vyuma) ili urefu wake urekebishwe. Gari likiwa chini, acha takriban sentimita 2.5 za kuteleza kwa ndani, na nira (vishikio vya misalaba) za ncha mbili zikae kwenye mstari mmoja.

Wakati wa kufunga habu, nati kubwa ni ya milimita 54. Usiigonge kwa patasi, tafuta soketi. Kaza huku ukizungusha gurudumu, legeza, kaza tena kidogo mpaka uchezi uishe, kisha weka washa na nati ya kufungia. Pete za koni kwenye zile nati sita hutolewa kwa kugonga flanji ya hafshafti kwa shaba, wala si kwa kuingiza bisibisi pembeni. Ukiziacha zimelegea, skrubu zote sita zitakatika siku moja.

Mafuta ni 80W-90 ya daraja la GL-5, kama lita 2.5, mpaka yaanze kutoka kwenye tundu la kujazia. Safisha kipumulio (tundu la hewa la ekseli) na uvute mpira wake mpaka juu chini ya bodi. Kikizibwa na tope, difu ikipata joto inasukuma mafuta kupitia sili hadi kwenye breki, na breki za nyuma zinapotea.

Breki ya mkono ya nyingi za magari haya iko nyuma ya gearbox ndogo, inashika kadani. Kwa hiyo kadani ikiwa imetolewa, au hafshafti moja imekatika, gari halishikwi na kitu nyuma. Weka mawe chini ya magurudumu kabla ya kuingia chini, hata uwanjani panapoonekana tambarare.

Yu-bolti ziwe mpya, zikazwe kwa kupishanisha, na zirudiwe baada ya kilomita 100, kisha baada ya 500. Mafuta ya kwanza yamwage kwenye kilomita 1,000 na uangalie sumaku tena.