Ukitazama "Rangi ya Makomamanga", Usitafute Hadithi

Kila ninapomwekea mtu filamu hii, haipiti robo saa hajauliza: "Sasa huyu ni nani, na mbona haongei?" Siku hizi simjibu. Namwambia atulie atazame, maswali tutayamaliza kwenye chai.

Filamu hii ni ya mwongozaji Sergei Parajanov, ilitengenezwa Armenia ya enzi za Kisovieti na kutoka mwaka 1969. Inamhusu Sayat-Nova, malenga wa karne ya 18 wa Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, aliyetunga kwa Kiarmenia, Kijojia (lugha ya Georgia) na Kiazabajani. Aliimba katika baraza la Mfalme Erekle wa Pili, akafukuzwa, akawa padri, na akauawa mwaka 1795 Waajemi walipoiteka Tbilisi. Hayo yanatosha kuanzia. Ukijisomea maisha yake yote kwanza, utakaa unasubiri tukio fulani lifike, na halifiki.

Ushauri wangu ni kuichukua kila picha kama ubeti. Kamera karibu haisogei kabisa. Watu wanakukazia macho kama wanapigwa picha ya ukumbusho, na kazi yote inafanywa na vitu: makomamanga yanavujia kitambaa cheupe, miguu inakanyaga zabibu, sufi iliyotoka kutiwa rangi inadondosha matone. Kuna mahali vitabu vya monasteri vimelowa. Vinakandamizwa kwa mawe, maji yanachuruzika, kisha vinapandishwa juu ya paa vikauke. Mtoto, ambaye ndiye malenga mwenyewe, analala katikati yake huku upepo ukifunua kurasa pande zote. Hakuna anayekueleza kwamba huyu atakuja kuwa mtu wa maneno, na hakuna haja.

Masikio nayo yana kazi. Maongezi ni kiduchu sana, lakini sauti ya maji, kengele na vyombo vya muziki imepangwa kwa makini kuliko filamu nyingi zenye kelele. Vaa spika za masikioni, na simu iweke chumba kingine.

Jambo linalowachanganya wengi: malenga kijana na mpenzi wake wanaigizwa na mtu mmoja, Sofiko Chiaureli, tena kwa nafasi kadhaa. Aliyezoea mashairi ya mapenzi hatashtuka. Mara ngapi mshairi anamsifia mpenzi mpaka hujui tena ni nani anayemsema nani?

Angalia pia unatazama nakala ipi. Wakubwa wa sinema wa Kisovieti hawakuipenda. Jina la kwanza, "Sayat-Nova", likaondolewa, na mwongozaji mwingine wa Kisovieti, Sergei Yutkevich, akaihariri upya. Kwa hiyo zipo nakala mbili zinazozunguka. Tafuta iliyokarabatiwa mwaka 2014, iliyo karibu zaidi na alivyotaka Parajanov. Nyekundu yake tu inalipa usumbufu wa kuitafuta. Nakala zilizofifia za mtandaoni achana nazo, maana filamu hii ikikosa rangi imekosa lugha.

Haizidi saa moja na nusu, na imegawanywa kwa sura, kwa hiyo hata ukiisimamisha katikati hukufanya dhambi. Ikikushinda kabisa, rudi nyuma kwenye filamu yake ya mwaka 1965, "Vivuli vya Mababu Waliosahaulika", ya huko milima ya Karpati, Ukraine. Ile ina hadithi ya mapenzi ya kushika tangu mwanzo. Wapo wanaosema kila mtu aanzie hapo. Mimi naona ni kwa wasio na subira tu.