Kunde kwenye tuta la viazi, na fukusi alivyonifutarisha

Wenzangu wa viazi, leo nataka tuzungumze habari ya fukusi, yule mdudu mweusi mwenye pua ndefu, ukimtupia jicho haraka utasema chungu tu. Mimi nalima huku Konde, Pemba, viazi vitamu na muhogo kidogo, na Ramadhani ya 2025 huyu mdudu alinitoa machozi wallahi.

Nilipanda na mvua za vuli, Oktoba, mwisho wa Januari viazi vishakuwa. Nikachimba kimoja cha kuonja, kimenona. Lakini bei ilikuwa chini na mwezi ulikuwa uandame mwanzo wa Machi, na nyote mnajua futari bila ya kiazi au muhogo wa nazi watu hawaihesabu, bei inapanda yenyewe, basi nikasema naviacha ardhini, ghala gani inashinda tuta. Mzee jirani akapita akaniambia, "Mwanangu, kiazi hakingoji mwezi kuandama." Nikacheka.

Kaskazi ile jua likawaka mpaka matuta yakapasuka nyufa za kuingia kidole. Siku nachimba, kiazi kwa nje kizima ila kina vitobo kama vya sindano, ukikata ndani ni vinjia vyeusi na funza weupe, na ile harufu sasa! Hata kilicholiwa pembeni tu ukikipika chote kichungu, mana kiazi kikitafunwa kinatoa uchungu wake chenyewe kujitetea. Matuta 40, nilichouza hakikufika polo mbili. Ng'ombe nao sikuwapa, kiazi kilichooza kikaota ukungu kinaweza kumharibu mapafu.

Baadae ndo nikaja kujua kwamba fukusi mkubwa hana ujuzi wa kuchimba. Kiazi anakifikia kupitia ufa, au kile kilichochungulia juu ya tuta, na mayai mengine anataga kwenye shina hapo chini karibu na udongo. Kwa hiyo vita yenyewe ni ya kuziba nyufa, na mimi dawa ya kupiga sikuona faida yake, funza yumo ndani ya kiazi utampigia wapi.

Ndo nikaingiza kunde. Msinielewe vibaya, kunde haimfukuzi fukusi, anaekwambia hivo anataka kukuuzia mbegu. Kazi yake ni kufunika ubavu wa tuta wakati marando, yale mashina ya kiazi yanayotambaa, bado hayajatanda, na kunipa pesa ya mapema. Napanda wiki moja baada ya viazi, ubavuni, kila shimo mbegu mbili, kutoka shimo hadi shimo kama hatua moja. Chagua kunde inayosimama, ile ya kutambaa nilijaribu tuta tatu ikavifunika viazi vyote, nikapata majani mengi na viazi kama vidole. Mahindi nayo niliyatia mwanzo, yakanila jua, nikaacha.

Wiki ya nne hivi naanza kuchuma majani ya kunde, kidogo kidogo yasikondeshe mti, nauza fungu shilingi 500 hapa hapa mtaani pamoja na mtoriro, majani ya viazi. Miezi miwili na kitu maganda yanakauka, nachuma, halafu mti siung'oi, naukata chini na kuulaza pale pale juu ya tuta. Kabla ya kuulaza napita na jembe nainulia udongo kwenye shina la kiazi, kila ufa nauziba, na kila baada ya wiki mbili narudi kutazama. Hii ndo kazi yenyewe jamani, inauma mgongo, lakini ukiiacha kunde zote ulizopanda hazikusaidii kitu. Kunde nayo ina wadudu wake, vidukari wakija nakata ncha zilizojaa nafukia mbali.

Jengine ni mbegu. Kata ncha ya rando, kama sentimita 30, shina la zamani la chini liache mana huko ndo kwenye mayai, utapanda fukusi kwa mkono wako. Na usipande pale pale palipokuwa na viazi msimu uliopita. Vile vigugu vyenye maua ya zambarau kama tarumbeta, vinavyofanana na kiazi, ng'oa hata vikiwa nje ya shamba, ni ndugu zake na fukusi anaishi humo akisubiri.

Kwenye muhogo natia chooko (choroko) katikati ya mistari miezi ya mwanzo, hapo adui ni inzi weupe wanaoleta maradhi ya batobato na michirizi, lakini muhogo ukiwa na mbegu mbovu chooko haikuokoi, tafuta kwanza mbegu safi.

Pembeni mwa shamba nilitia mrehani, nikiamini harufu itawakimbiza wadudu. Sijaona hata mmoja aliyekimbia, ila wenye kusuka vikuba, vile vishada vya kunukia, wanakuja kununua kila wiki ya harusi, basi nimeuacha.

Na tarehe sasa. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, ya 2027 inaingia Februari ya mwanzo. Mbegu yangu ni ya miezi minne, kwa hiyo fungu la kwanza la matuta nitapanda Oktoba mwanzo mvua ikikubali, la pili wiki mbili mbele, ili nichimbe kidogo kidogo mwezi mzima. Viazi vikishakuwa, bei iwe juu iwe chini, natoa.