Mwanangu, Alikuwa Amekaa Wapi Alipopima?

Mwanangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Umeniuliza jambo dogo. Katika jaribio ulilowapa wanafunzi wako, basi linakwenda kilomita 60 kwa saa na abiria ndani yake anatembea kuelekea nyuma kilomita 4 kwa saa. Kasi ya abiria ni ngapi? Ulitaka 56. Mmoja akaandika 4. Sasa unataka kujua umpe alama au umnyime.

Kabla ya alama, nina la kusema. Kasi isiyotajwa imepimwa kutoka wapi ni sentensi iliyokatwa katikati. Wewe na dada yako mmelisikia hilo tangu mnakalia kiti cha nyuma mkibishana kama inayokimbia ni miti au ni sisi. Nalirudia kwa sababu naona umelisahau ulipokuwa unatunga swali. Hiyo 56 umeipata ukiwa umesimama barabarani. 4 yake huenda ameipata akiwa ameketi kwenye kiti cha basi. Nawe usimwambie kwamba barabara ndiyo iliyotulia: barabara iliyoko ikweta inazungushwa na dunia kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na dunia yenyewe inalizunguka jua kwa kilomita 30 hivi kila sekunde.

Unajua kwa nini jambo hili linanigusa. Lile daftari la jalada la bluu, ambalo baba yako aliniuliza kila tulipohama kwa nini silitupi, lina ukurasa wenye sifuri nyekundu. Nilikuwa na miaka 17. Swali lilikuwa hivi: mtu anapiga makasia akiukabili mkondo wa mto. Anapopita darajani, chupa tupu inamponyoka na kuangukia majini. Anaendelea dakika 20 ndipo anagundua. Anageuza mtumbwi papo hapo na kuifikia chupa ikiwa kilomita 2 kutoka darajani, upande maji yanakoelekea. Mkondo una kasi gani?

Wenzangu walijaza ukurasa mzima. Kasi ya mtumbwi herufi moja, kasi ya mkondo herufi nyingine, kutoa wakati wa kwenda, kujumlisha wakati wa kurudi. Mimi nikahamia majini, nikakaa pale ilipo chupa. Ukiwa pale, maji yametulia kama bwawa na daraja ndilo linalokwenda zake. Mtumbwi umeondoka dakika 20, umegeuka, unarudi kwa makasia yaleyale. Basi utatumia dakika 20 nyingine. Jumla dakika 40. Ndani ya dakika hizo chupa na daraja vimeachana kilomita 2, yaani kilomita 3 kwa saa. Mistari mitatu! Kasi ya mtumbwi hata haikuhitajika. Mwanangu, hadi leo nikiikumbuka dakika ile mwili unanisisimka.

Mwalimu aliandika, "Hesabu iko wapi?" Kisha akanisimamisha mbele ya darasa akasema jibu nimelichungulia kwa jirani. Jirani yangu alikuwa amekosa swali hilo, na sikusema. Babu yako aliponiona nimenyamaza jioni ile alitaka kwenda shuleni kesho yake. Nilimzuia. Kuna siku najuta kumzuia.

Hata hivyo, nikilisoma lile jibu sasa naona pengo. Sikuandika kwamba kasi ya mtumbwi ndani ya maji ilikuwa ileile kwenda na kurudi. Kama mtu yule alichoka, mistari yangu mitatu inaanguka. Labda mwalimu aliliona pengo hilo. Lakini angeliona, si angeliandika? Ama alikuwa na madaftari mengi usiku ule na hakuwa na nafasi ya kuhamia majini pamoja nami. Sijui. Kila nikikaribia kumsamehe nakumbuka lile neno "nimelichungulia".

Na kuna jambo jingine nililowaambia vibaya utotoni, kwamba popote ukikaa ni sawa. Kupima kasi, ndiyo, utapima popote. Kueleza mwendo ni kazi nyingine. Mwaka 1632 Galileo, mwanasayansi wa Italia, alieleza kwamba mtu aliyefungiwa katika chumba cha chini cha meli inayokwenda sawa, bila kuyumba, hawezi kujua kwa jaribio lolote la ndani kama meli inakwenda au imetia nanga. Mwaka 1640 Gassendi, mwanafalsafa Mfaransa, akaangusha mawe kutoka juu ya mlingoti wa meli iliyokuwa ikienda mbio, na mawe yakafika chini ya mlingoti, hayakuachwa nyuma. Lakini basi likifunga breki, abiria anarushwa mbele na hakuna aliyemsukuma. Ukiwa ndani yake itakubidi ubuni kani, yaani nguvu ya kusukuma, isiyo na mwenyewe ndipo kanuni za mwendo za Newton zikubali. Mzunguko nao haufichiki: mwaka 1851, Paris, mwanafizikia Foucault alitundika pendulamu, yaani uzito unaobembea kwenye waya, ya mita 67, na watu wakaona dunia ikigeuka chini yake.

Kwa hiyo, fremu ya mwanafunzi wako, yaani mahali alipokaa kupimia, ni halali kwa kupima, na kwa kanuni za Newton pia, maadamu basi linakwenda moja kwa moja kwa kasi isiyobadilika. Na swali lako halikusema kasi ipimwe kutoka wapi. Naona nakaribia kukutajia alama, nayo darasa ni lako. Namba imenijaa mdomoni lakini nitaimeza.

Ila usimkate alama bado. Muulize alikuwa amekaa wapi alipopima. Huenda akakuambia, "Kwenye kiti cha basi," huenda ikawa aliiokota tu hiyo 4 kwenye swali. Utajua kwa namna atakavyojibu. Muulize mkiwa wawili, wenzake wakiwa wameshatoka. Kisha uniandikie alichosema.

Mama