Vanila yangu inaoza shina

SWALI: Shikamoo Mama Bustani. Mwezi wa tatu shemeji aliniletea rando la vanila kutoka Bukoba. Nimelipanda kwenye ndoo ya lita kumi, udongo mweusi na samadi, nikaliweka sebuleni karibu na dirisha. Namwagilia kila asubuhi. Lilianza vizuri, lakini tangu Juni majani ya chini yanageuka njano na shina limekuwa jeusi pale linapoingia udongoni. Niongeze mbolea? Na je, litatoa maua humu ndani?
Msomaji, Forest, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Mbolea iache kabisa, na maji pia. Mmea wako hauna njaa, mizizi inaoza. Vanila ni ya misitu ya joto ya Meksiko na Amerika ya Kati. Inapenda nyuzi 21 mpaka 32, na ikishuka chini ya 15 inadumaa. Sasa usiku wa Mbeya Julai unaujua mwenyewe. Mmea ukishikwa na baridi haunywi, na maji unayomimina kila asubuhi yanatuama kwenye ule udongo mzito.

Wengi wakisikia vanila ni okidi wanafikiri itapenda baridi yetu, kwa kuwa hifadhi ya Kitulo, huko nyanda zetu za juu, kumejaa okidi. Hazifanani. Okidi nyingi za Kitulo zina viazi ardhini, ndivyo hivyo vikanda vya kuliwa vinavyochimbwa na kupelekwa Zambia, na kiangazi zinajificha humo. (Inaniuma sana kila nikiona magunia yake.) Vanila haina kiazi. Ni mmea wa kutambaa, wa kijani mwaka mzima, na kwenye kila kifundo, upande wa pili wa jani, hutoa mzizi mnene unaoshika gome la mti.

Kwa hiyo liokoe leo. Pitisha wembe kwenye moto, kata juu ya weusi mpaka uone nyama ya shina ni ya kijani tupu. Kama bado kuna doa la kahawia katikati, sogea juu kifundo kimoja, ukate tena. Lining'inize kivulini siku kadhaa jeraha likauke. Ule udongo peleka kwenye mboga.

Cha kupandia tunacho kwa wingi huku kusini: maganda ya misindano. Ukipata mtu anayetoka Mafinga, mwagize kwenye viwanda vya mbao. Yavunje vipande vya ukubwa wa kidole gumba, changanya na makumbi ya nazi kidogo. Maranda usitumie, yanashikana. Toboa ndoo chini matundu mengi, simika gogo lenye gome, laza vifundo viwili juu ya maganda, usivizike, kisha funga shina kwenye gogo kwa kitambaa laini.

Mpaka baridi ipite, mwagilia maganda yakikauka tu, tena mchana, kwa maji yasiyo baridi. Usiku lisogeze mbali na kioo. Na tafadhali, usilale na jiko la mkaa ndani kwa ajili yake. Moshi wake usioonekana unaua watu.

Maua yanawezekana, ila ni baada ya miaka mitatu hivi, rando likiwa na mita kadhaa. Likifika juu ya gogo, lirudishe lining'inie, maana hapo ndipo linapopenda kuchanua. Ua hufunguka asubuhi na siku hiyohiyo linanyauka, na huku hakuna mdudu wa kulichavusha. Utafanya kama Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, alivyoonyesha mwaka 1841: kwa kijiti chembamba unainua kile kiwambo kinachotenga chavua na stigma (sehemu ya ua inayopokea chavua), kisha kwa kidole gumba unavigandamiza pamoja. Ganda hukomaa baada ya miezi 8 au 9, na likiwa bichi halinukii. Harufu huja kwa kulichemsha kidogo, kulivundika na kulikausha taratibu.

Mvua za Novemba zikianza, niandikie kama jicho limechipua.