Mkuu, usiingie Rufiji maji yakiwa yamejaa pomoni

Mkuu, hiyo hati ya mauziano usiisaini kwanza. Nimesoma ulichoandika nikasisimka mwili. Unataka kununua yoti ya mita 12 yenye mkuku, ule uti wa chini ya chombo, mwembamba wa chuma unaoshuka mita 2.1, umpakie shemeji na watoto wawili, muhamie humo moja kwa moja, na mwezi wa nane mtoke Dar, mpite Nyamisati, mkate ndani ya delta ya Rufiji kukwepa mawimbi ya nje, mfike Kilwa na baadaye Mikindani. Umeuliza shule, intaneti, friji na choo. Halafu mwishoni, kama jambo dogo, umesema dalali amekuhakikishia kwamba "ukisubiri maji yajae kabisa unapita popote."

Maneno hayo hayo niliuziwa mimi, pamoja na yoti.

Sikiliza. Maji yakishajaa kabisa, kinachofuata ni kupwa. Pwani hii bamvua likiwa kubwa, yaani zile siku za mwezi mchanga au mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji hujaa alfajiri na hujaa tena alasiri, kwenye saa kumi au kumi na moja. Tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Ukiingia delta saa hiyo utaona mto mpana, mikoko imezama mpaka kwenye majani, mafungu yote ya mchanga yamefunikwa. Unajiona umefika salama. Saa kumi na mbili na nusu jua limezama. Na ujue maji hayapungui sawasawa: saa ya tatu na ya nne tangu yageuke ndipo yanapokimbia, na katika saa hizo mbili peke yake karibu nusu ya maji yote huondoka. Ukigusa mchanga umeshachelewa, na giza liko juu yako.

Sisi tuligusa kidogo tu. Mlio ulikuwa kama gunia linaloburutwa sakafuni. Nikarudisha injini nyuma, pangaboi likachimba tope, maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa, chombo hakikusogea. Mashua ya mbao ikipwelewa, yaani ikiachwa na maji, inakaa, ina mkuku mrefu na mabaharia wanaibana na magadi, miti ya kuiegemeza, pande zote mbili, wanapika ugali humo humo wakisubiri maji. Yoti ya namna unayotaka kununua inalala ubavu. Inalala polepole, na hakuna unachoweza kufanya. Kabati la kushoto lilifunguka likamwaga kila kilichokuwamo. Dizeli ikavuja kwenye mfuniko wa tangi ikaingia ngama, pale chini kabisa ndani ya chombo maji yanapotuama, harufu ikajaa chumba kizima. Mke wangu aliwatoa watoto mmoja mmoja kupitia dirisha la juu, na yule mdogo alitoka amekumbatia dumu la maji ya kunywa, kwa sababu ndicho kitu alichozoea kuambiwa kwamba hakimwagwi.

Usiku huo haukuwa wenye gharama. Tulipeleka nanga mbali kwa mtumbwi ili maji yakirudi alfajiri tujivute. Maji yalirudi, ila hayakufika pale yalipotuacha. Tuliingia siku ambayo bamvua lilikuwa limeshapita kilele, kwa hiyo kila maji yaliyofuata yalijaa pungufu kuliko yaliyotangulia. Leo umekosa kiganja kimoja, kesho viwili, na yakifika maji mafu, siku yanapojaa kidogo kuliko zote, chombo kimekaa topeni huku watu wanakizunguka kwa miguu. Unasubiri bamvua lijalo, nalo ni wiki mbili mbele. Na mabamvua hayalingani, la mwezi mpevu laweza kuwa dogo kuliko la mwezi mchanga. La kwetu lilikuwa dogo.

Katika kusubiri huko ndipo yoti ilipokufa. Maji yakija nusu yanainyanyua kidogo na kuipiga chini, yanainyanyua na kuipiga. Usukani ukapinda, mhimili wake ukapasua pale unapopitia, maji ya chumvi yakaingia mpaka kwenye injini. Betri, starta, altaneta, redio, vyote vikaharibika. Kuichimbua, kuivuta mpaka Dar na kuipandisha nchi kavu kulikula akiba tuliyokuwa tumeitenga kwa ajili ya kuishi majini.

Wavuvi wa pale ndio waliotusitiri, walitupa mahali pa kulala na samaki wa kula bila kutaja bei. Mzee mmoja alichomeka pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, ubavuni mwa chombo, akatazama lilipolowa, akasema wao hapo wanapita na maji yanayoingia, siku chache kabla ya mwezi kuandama au kupevuka, bamvua linapokua. Ukikwama leo, maji yajayo ni makubwa zaidi, yatakutoa yenyewe. Basi. Hilo ndilo ningependa mtu aniambie kabla sijatoa hela, na ndilo nakwambia wewe: INGIA NA MAJI YANAYOJAA, BAMVUA LIKIWA LINAKUA. Usiingie maji yamejaa, usiingie bamvua linapopungua, hata kama mgeni anakusubiri Kilwa, hata kama watoto wamechoka. Tia nanga nje ulale.

Dalali yule namsema mpaka leo. Kila nilichouliza kuhusu kina alijibu "GPS inaonyesha kila kitu." GPS inakuonyesha ulipo wewe. Haikuonyeshi mchanga umehamia wapi, na Rufiji unashusha mchanga kila masika. Maji ya humo ni ya tope, si kama ya Mafia unakoona mwamba chini, kwa hiyo macho hayakusaidii, unapima kwa pondo au bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina. Nilipompigia simu yoti bado imelala ubavu alisema bahari ina mambo yake, akakata. Nahisi tumeongea na mtu mmoja wewe na mimi, maana hata lile neno "popote" ni lake.

Na delta hii haijaanza juzi kukataa vyombo vinavyohitaji kina kirefu. Mwaka 1914 Wajerumani waliificha manowari yao Königsberg humo ndani, na Waingereza wakabaki nje kwa miezi na meli zao kubwa, hawana njia. Ilibidi walete Severn na Mersey, meli bapa zilizoundwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil, zinazoelea kwenye maji yasiyofika mita 2. Hizo ndizo zilizoingia Julai 1915 na kuimaliza Königsberg. Jeshi zima la majini lilibadilisha chombo kwa sababu ya kina, mkuu, na wewe unataka kuingia na mita 2.1 na watoto wamelala ndani.

Mwezi wa nane nao si wa kwenda kusini. Kusi linavuma usoni kwako na mkondo wa bahari unakusukuma kurudi Dar. Ngoja kaskazi, Desemba mpaka Februari, upepo uwe mgongoni.

Sisi bado tunaishi majini. Tuliuza kilichobaki tukanunua mashua ya mbao iliyofunikwa juu, inaelea kwenye maji ya kiunoni, ikipwelewa inakaa wima na mke wangu anaendelea na mapishi. Haina mwendo wa yoti na inataka kalafati, kuzibwa nyufa za mbao, kila mara. Friji hatuna, tuna sola ya taa na simu. Maji ya kunywa tunabeba kwa madumu na kujaza kila gati, msidanganyane kwamba mtachota mtoni, maji ya chumvi yanapanda mbali ndani ya delta. Choo ni ndoo na utaratibu.

Kabla hujamlipa mtu, andika hapa tarehe unayotaka kupita Nyamisati na kina cha mkuku kama kilivyo kwenye hati, si kama alivyokwambia dalali. Kalenda ya maji ninayo, nitaipitia na kukwambia siku zipi bamvua linakua.