Maswali na Majibu: Kiti cha Betri, Joto la Malindi na Mchanga wa Pwani

SWALI

Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi niliyestaafu mapema kwa sababu ya maradhi ya maltipo sklerosisi, na ninaishi Shela, hapa Malindi. Tangu mwaka jana ninatumia kiti cha magurudumu kinachoendeshwa kwa betri, nilicholetewa na ndugu yangu kutoka ng'ambo. Kutoka kwetu hadi baharini si mbali, lakini tangu nikipate kiti hiki sijafika ufuoni hata mara moja. Siku moja nilitoka saa sita mchana kwenda dukani, macho yakaingia ukungu na mkono ukashindwa kukishika kijiti cha kuendeshea. Tangu siku hiyo mavyaa wangu anashikilia kwamba jua linanimaliza mishipa, na mume wangu amemuunga mkono. Je, ni kweli? Na je, kiti kizito kama hiki kinaweza kwenda mchangani?

Msomaji, Malindi

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mimi pia ninaishi na maradhi haya na ninatembea kwa kiti cha betri, na ninajua uchungu wa kuusikia upepo wa bahari ukiwa umefungiwa uani.

Nianze na mavyaa wako, kwa kuwa alichokiona alikiona kweli, ila maana aliyokipa siyo. Katika maradhi yetu, kinga ya mwili huushambulia utando unaozifunika neva, yaani mishipa ya fahamu, za ubongo na uti wa mgongo, utando unaofanya kazi kama mpira unaovishwa waya wa umeme. Neva iliyochubuka hupitisha ujumbe kwa shida, na mwili ukipata joto, hata likipanda kwa nusu digrii tu, ujumbe huo waweza kukwama kabisa. Daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, aliieleza hali hii mwaka 1890 alipoona wagonjwa wake wakipungukiwa na uoni baada ya kujitahidi kwa mwili, na miaka mingi baadaye madaktari waliitumia kama kipimo, wakimtia mgonjwa katika maji ya moto ili waone kama dalili zitajitokeza. Joto hilo haliongezi jeraha jipya kwenye neva. Mwili ukipoa, macho hurudi na mkono hupata nguvu zake. Lakini dalili mpya ikidumu zaidi ya saa 24 na hali mwili umekwisha kupoa, au ikija pamoja na homa, usikae nyumbani ukisubiri; nenda ukaonwe na daktari, kwani huenda ni shambulio jipya, au ni malaria au maambukizi ya mkojo yanayopandisha joto kutoka ndani.

Hata hivyo, kushindwa na kijiti cha kuendeshea ukiwa katikati ya barabara yenye tuktuk na bodaboda ni hatari, japo neva haziumii. Kwa hiyo saa ya kutoka yataka kupangwa, na kwetu Pwani hupangwa kwa mambo mawili, jua na maji. Mchanga mkavu wa juu haukifai kiti chako. Viti vingi vya aina hii, pamoja na betri zake, vina uzito unaozidi kilo 100 hata kabla hujakaa, na magurudumu madogo ya mbele huzama upesi. Unaoweza kukubeba ni mchanga mgumu unaoachwa na maji yakipwa. Sasa, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hupwa mbali sana, lakini hupwa mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi, wakati ambao jua limekwisha kuwa kali kwa watu kama sisi. Siku tatu au nne kabla ya hapo, maji hupwa mapema zaidi, baina ya saa moja na saa mbili asubuhi, nawe unapata mchanga mgumu na ubaridi kwa pamoja. Hizo ndizo asubuhi zako. Muulize mvuvi yeyote wa mtaani kwenu akuthibitishie, kwa kuwa maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku, naye ameyahesabu tangu utotoni.

Majira nayo yana neno. Miezi ya Kusi, hasa Juni hadi Agosti, ndiyo yenye ubaridi, ila wakati huo mwani hurundikana ufuoni na unaweza kujisokota kwenye magurudumu. Wakati wa Kaskazi mwani hupungua, lakini Februari na Machi joto huwa kali mno, na mimi binafsi miezi hiyo huishia kwenye barabara ya ufuoni, chini ya mvinje, bila kujuta.

Kipande cha mchanga mkavu kati ya barabara na maji ndicho kigumu zaidi. Chukua mbao mbili pana za plaiwudi, na vijana wawili wa kuzihamisha moja mbele ya nyingine huku ukipita juu yake polepole. Ukizama, usilazimishe mota, maana magurudumu yatachimba shimo na mota itapata moto. Zima kiti, waambie vijana wafungue klachi zilizo karibu na mota ili magurudumu yazunguke bure, kisha wasukume. Wasikinyanyue kwa kushika sehemu za kuwekea mikono, kwani aghalabu hizo huchomoka. Maji ya chumvi yasiguse mota wala nyaya kabisa, na ukirudi, magurudumu na vyuma vipanguswe kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, bila kumwagia ndoo. Mchanga hula betri haraka, basi geuza kabla haijafika nusu, na usiku huohuo ichaji hadi ijae.

Ama mwili wako, beba chupa ya maji yenye barafu na leso mbili. Moja ichovye, uikamue na kuizungusha shingoni. Unyevu wa hewa yetu hupunguza kazi yake, lakini ukikaa penye upepo utaona nafuu. Ya pili jifunike miguuni, kwa sababu ngozi iliyokufa ganzi haikuambii kwamba inaungua. Jisogeze kitini kila nusu saa ili usipate vidonda vya kukaa. Najua wengi wetu huacha kunywa maji kwa kuogopa mkojo wa ghafla. Tafadhali usifanye hivyo. Mtume mtu mapema akatafute choo ambacho kiti kitaingia, na ujue kwamba Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali popote kwa njia inayofaa.

Asubuhi ya kwanza, mwombe mavyaa wako afuatane nawe, na chupa ya barafu aishike yeye. Macho yakianza kuingia ukungu, mwambie palepale, egesha kiti kivulini, akuwekee leso shingoni, na umsimulie jinsi unavyoanza kuona tena: kwanza ngalawa, kisha tanga, kisha watu waliomo ndani yake.